Pua ya Kaka Yangu

Ngumi yenyewe niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa nyumbani Kangeta kwa likizo ya Desemba, nimetoka Manyatta kule Embu nilikokuwa nafundisha shule ya msingi, na asubuhi ile nilikuwa nimekaa na mama nje ya jikoni tukimenya ndizi. Kaka yangu alikuwa juu ya mti wa miraa pale mpakani. Jirani yetu akaja, akasimama chini ya mti, akamwambia ashuke.

Mti ule baba aliupanda upande wetu, lakini ulikua ukainamia upande wao, na tangu baba afariki kila mtu aliudai kuwa wake. Kaka alishuka taratibu, amebana matawi machanga kwapani. Mguu wake ulipogusa tu ardhi, jirani akamtandika ngumi moja ya pua. Ilikuwa moja tu, na kaka akaanguka. Kaka alikuwa mtu wa miraba minne, nimeshawahi kumwona akipigwa na rungu na kucheka, kwa hiyo nilitarajia atainuka wapigane. Hakuinuka. Alikaa chini ameshika uso, na damu ikamwagika katikati ya vidole kama maji ya bomba. Ilimwagika mpaka saa sita mchana. Mama alimziba kwa maji baridi, kwa kitambaa, kwa majani aliyoyajua yeye, na kila alipobandua mkono damu ilirudi.

Wawili hawa walikuwa rika moja. Walitahiriwa msimu mmoja na kuuguza vidonda katika kibanda kimoja, na kwetu mtu wa rika lako humwagi damu yake. Wazee waliwaita, wakawakemea wote wawili, wakawaambia wapeane mikono. Wakapeana. Nikarudi Manyatta nikidhani yamekwisha.

Nilipokuja tena mwezi wa nne, kaka alikuwa anaongea kama mtu mwenye mafua. Upande mmoja wa pua ulikuwa umeziba, umevimba hadi chini ya jicho. Alisema alimaliza vidonge vya dukani, akaenda zahanati akapewa sindano, akapewa vidonge vingine, na pua haikubadilika. Alikuwa anaamka na damu kwenye mto. Tena kulikuwa na harufu. Mwanzoni nilidhani panya amekufa darini, nikapanda kutafuta. Kisha kaka akainama karibu yangu kuchukua kikombe, nikajua.

Siku hiyo jioni, tukiwa jikoni, nilimwambia mama, "Hii pua haijapona tangu ile ngumi."

Nilisema tu, kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Lakini mimi ndiye niliyesoma katika nyumba ile. Nikisema kitu, mama alikuwa anakirudia kwa majirani akiongeza, "mwalimu amesema." Kaka alikuwa ameketi mlangoni. Aliacha kula.

Kabla hajamgeukia jirani, alimgeukia mkewe. Daktari wa zahanati alikuwa amemchungulia kwa tochi, akaona kidonda ndani, akamuuliza kama amewahi kuugua kaswende, kwa sababu kaswende ikikaa sana huweza kula pua. Akamwambia yeye na mke wapimwe damu. Kaka alirudi nyumbani saa nane mchana. Hakusubiri kupimwa. Alimkuta mkewe akianika maharagwe, akamuuliza ni nani, na mwanamke hakuelewa swali. Alimpiga kwa mkanda. Mkanda ulipokatika alimpiga kwa mwiko, na mwiko ulipovunjika alimpiga kwa mikono. Mimi nilimbeba binti yao wa miaka mitatu nikajifungia naye chumbani, nikamziba masikio. Mtoto alikuwa ananitazama tu. Nilisikia kila kitu na sikutoka.

Kesho yake walipimwa, na majibu ya damu yalipokuja, hakuna mmoja wao aliyekuwa na kaswende. Mwanamke alikuwa ameshaondoka na mtoto, amekwenda kwa wazazi wake Timau, huku jino moja halipo. Nilimwambia kaka apande Timau akaombe msamaha.

"Nitaenda pua ikipona," alisema.

Miezi iliyofuata nilisimuliwa na mama. Kulikuwa na mzee mmoja aliyesifiwa kwa kutibu vidonda sugu. Kaka alipelekwa kwake. Wanaume wanne walimshika, wawili mikono na wawili miguu, na mzee akaingiza chuma cha moto puani. Mama alisema kaka hakupiga kelele. Alinguruma, na nyama iliyotoka na kile chuma ilikuwa nyeusi kabla hata ya kuungua. Mzee mwenyewe aliogopa. Aliwarudishia kuku waliyempa, akasema jambo lile haliko katika mambo yake, kuna mtu amelitia. Akauliza, "Nani alimgusa pua?"

Swali hilo lilitembea Kangeta yote. Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa langu.

Likizo ya Agosti nilimkuta kaka hana daraja la pua. Katikati ya uso palikuwa pamezama, ngozi imekuwa ya zambarau, na alikuwa amefunga kitambaa kama mtu anayefagia vumbi. Alipokunywa uji, uji ulitokea puani. Mama alikuwa amemkatia kipande cha ganda la ndizi awe anabandika juu kinywani, kwa sababu paa la kinywa lilikuwa limetoboka tundu la kuingia kidole gumba. Maneno yake hayakueleweka tena. Mimi nilimwelewa kwa sababu tulilala kitanda kimoja utotoni na nilikuwa nayajua maneno yake hata kabla hayajatoka, lakini watu wengine walitikisa vichwa tu wakaangalia pembeni. Alikuwa amekonda hata mashati yake yalimning'inia. Kila alasiri alishikwa na homa iliyomtetemesha hadi kitanda kikagonga ukuta.

Siku ya tatu tangu nifike, asubuhi, alipita mbele yangu na panga. Mtu kupita na panga kwetu si habari. Lakini alikuwa ametoka kulinoa, lilikuwa bado na maji ya jiwe, na hakukuwa na kazi ya panga shambani wiki ile. Alinitazama. Nilijua anakokwenda. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosa muda wa kusema, na jibu ni kwamba muda ulikuwepo. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwa jirani ni mwendo wa kuhesabu hadi mia mbili. Nilibaki na kikapu mkononi, na ndani ya moyo wangu, kwa muda huo wote, kulikuwa na kitu kilichosema aende.

Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, akifunga miraa. Alikuwa ametandaza majani ya mgomba chini, na mkono wa kulia umenyooka kukusanya vijiti. Panga lilishuka juu ya kifundo cha mkono. Mara ya kwanza liligonga mfupa, nikasikia sauti yake hadi kwetu, kama mtu anayepasua kuni mbichi. Mara ya pili mkono ukabaki umeshikwa na ngozi tu. Nilipofika nikikimbia, mkewe alikuwa amejitupa juu ya mumewe na kaka amesimama pale pale, panga limeshuka, anaongea. Aliongea sana. Hakuna aliyeelewa hata neno moja isipokuwa mimi. Alikuwa anasema, "Rudisha uso wangu. Rudisha uso wangu."

Mayowe yalipokelewa boma kwa boma. Ndugu za jirani walikuja na fimbo, mashoka na mapanga. Kaka hakukimbia. Walimwangusha, wakampiga mgongo, mbavu, miguu, magoti. Nilijaribu kuingia katikati, mtu mmoja akanivuta nywele akanitupa kwenye mbolea. Usoni hakuna aliyempiga. Kitambaa kilikuwa kimefunguka, na kila fimbo iliyoinuliwa juu ya kichwa chake ilipotea njia ikashuka begani. Waliogopa kugusa uso ule hata kwa fimbo. Nadhani hilo ndilo lililomwokoa.

Walipochoka naye waligeukia miti yetu. Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua maana ya kukata miraa ya mtu. Ile miti ilipandwa na babu, mingine na baba yake babu, ilikuwa minene kama viuno vya wazee. Mama alipiga magoti mbele ya mmoja akaukumbatia. Walimng'oa kama kupe, wakaukata. Waliikata yote, safu kwa safu, wakiimba, na mashoka yalisikika mpaka polisi walipofika.

Kaka alikaa kituoni siku mbili. Siku ya pili nilimpelekea uji. Askari wa zamu alitoka nje kunipokea, ameziba pua kwa mkono wa sweta.

"Wewe ndiye dada yake?" aliuliza. "Huyu mtu wenu ananuka vibaya sana, mwalimu. Hao wengine wamekataa kulala na yeye. Wanamtoa kwa mateke. Leo tunampeleka hospitali, halafu mambo ya kesi itangoja."

Ndivyo kaka yangu alivyofika kwa daktari wa pua na masikio kwa mara ya kwanza. Alipelekwa amefungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali ya wilaya, na jirani yetu alikuwa amelazwa hospitali hiyo hiyo, wodi ya upasuaji, upande wa pili wa ua. Mkono ulikuwa umemaliziwa kukatwa. Asubuhi nilikuwa napita dirisha lake kwenda kwa kaka, na kichwa changu nilikiinamisha.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa Mbeere, mpole, ana tabia ya kukunja mikono ya shati kabla ya kusema jambo zito. Alichukua kipande cha nyama ndani ya pua ya kaka, akakipeleka kupimwa. Majibu yalirudi: nyama iliyokufa, haisemi kitu. Akachukua kingine, kwa kina zaidi. Kaka alitoka damu hadi ikabidi aongezwe chupa mbili. Majibu yakawa yale yale. Mara ya tatu alimlaza usingizi, akachimba mpaka akafika kwenye nyama hai pembeni ya kidonda, na safari hii akaituma Nairobi. Tulisubiri wiki nyingi. Siku karatasi ilipofika aliniita ofisini, kwa sababu nilikuwa nimemwomba mwalimu mkuu wangu ruhusa nikabaki.

Alikunja mikono ya shati.

"Mwalimu, hii si kaswende, si ukoma, si kifua kikuu cha pua. Nilikuwa nashuku haya yote. Hii ni saratani inayoitwa limfoma."

Nikamwambia nilidhani saratani ni uvimbe.

"Nyingine ni uvimbe. Hii ni ya seli nyeupe za damu. Zile ni askari wa mwili, na ziko za namna nyingi. Kuna zinazoitwa B, hizo hutengeneza silaha za kupambana na vijidudu. Kuna zinazoitwa T, zinatafuta seli yenye ugonjwa na kuiua. Na kuna kundi lingine, Wazungu wameliita wauaji wa asili, kwa sababu halingoji kufundishwa. Likikutana na seli mbaya, linaua. Sasa askari mmoja katika hao anaharibika, anazaana bila kusimama, na anaendelea kuua, lakini anaua nyama ya mwenyewe."

Akaniambia limfoma nyingi alizowahi kuona zilikuwa za B. Hizi za T na za wauaji ni chache, na kila moja ina mahali pake. Kuna inayoanza kwenye ngozi, mtu hujikuna miaka mingi akidhani ni ukurutu, mpaka mabaka yanakuwa manundu. Kuna inayoanza kwenye tezi za shingo na kwapa. Kuna inayoanza tumboni ikatoboa utumbo, na kuna inayojificha katika ini na wengu. Ya kaka ilikuwa ile inayoanza puani. Inaingia katika mishipa midogo ya damu na kuiziba, na nyama ikikosa damu inaoza mtu akiwa hai. Alisema zamani madaktari waliandika tu kuwa ni kidonda kinachoua katikati ya uso, bila kujua ni nini, na kwamba ni juzi juzi tu wamekubaliana ni askari hawa.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikauliza swali nililokuja nalo.

"Daktari, ngumi inaweza kuleta ugonjwa huu?"

"Ngumi?"

"Alipigwa ngumi ya pua, Desemba."

"Hapana."

"Hata ikiwa ilivunja mfupa?"

"Hapana, mwalimu. Ngumi inavunja pua. Haileti limfoma."

Nikauliza mara ya tatu, kwa maneno mengine. Aliweka kalamu chini.

"Siku ile alitoka damu kidogo au nyingi?"

"Mpaka saa sita mchana."

"Siwezi kukuambia ulianza lini. Lakini pua yenye afya ya kijana mwenye nguvu huwa haitoki damu nusu siku kwa ngumi moja. Mimi nadhani ugonjwa ulikuwepo tayari."

Nilitoka ofisini. Kisha nikaenda wodini nikamwambia kaka, palepale, sikutaka neno hilo lilale tumboni mwangu. Nilimweleza kila kitu kwa lugha yetu. Alinisikiliza akitazama dari. Nilipofika kwenye ngumi, mkono wake ambao haukuwa na pingu uliruka ukanikamata koo. Sikutegemea kwamba mtu aliyekonda vile angekuwa na nguvu kiasi kile. Macho yangu yaliingia giza. Muuguzi na askari walihangaika kumbandua vidole kimoja kimoja.

"Nyamaza," alikuwa anasema. "Ukisema hivyo, mimi ni nini? Niambie, mimi ni nini?"

Wiki nzima hakuongea na mimi. Alama za vidole vyake zilinikaa shingoni, nikavaa kitambaa.

Mashine ya mionzi ilikuwa Nairobi. Daktari aliandika barua, akampigia simu mtu aliyesoma naye, na polisi wakakubali atoke kwa dhamana ya mjomba wetu. Nilimpeleka mimi. Walimchomea mionzi usoni siku baada ya siku, wiki kadhaa, na kati yake wakampa dawa za mshipani, mojawapo nyekundu kama sharubati, iliyomtapisha hadi akapasuka mshipa wa jicho. Nywele zilimtoka. Kinywa kilichunika, akatema ngozi. Lakini harufu iliisha. Wiki ya pili tu, asubuhi, niliinama kumfunika blanketi nikagundua nanusa sabuni. Wiki ya tano alikula mukimo wa viazi na mahindi niliouponda hadi ukawa laini kama uji mzito, akameza akiwa amebonyeza kipande cha plastiki walichomtengenezea cha kuziba tundu, na chakula kikaenda kilikotakiwa kwenda. Alicheka. Alicheka akiwa na shimo katikati ya uso, na mimi nikacheka naye mpaka wagonjwa wengine wakatutazama.

Kesi ilisikilizwa baada ya hapo. Mahakama ilijaa. Jirani alikaa mbele, mkono wa shati wa kulia umekunjwa ukafungwa kwa pini. Kaka alisimama kizimbani na shashi usoni. Mjomba alikuwa amemfundisha aseme kwamba alichokozwa, kwamba alipigwa kwanza, kwamba maumivu yalimtoa akili. Hakimu aliposoma mashtaka na kumuuliza kama ni kweli, kaka alitoa kile kipande cha plastiki kinywani. Sijui kwa nini alikitoa. Labda kilikuwa kinamuumiza. Akasema maneno machache.

Hakimu hakuelewa. Karani hakuelewa. Wakamwambia arudie, akarudia, na watu nyuma wakaanza kunong'ona. Hakimu akauliza kama kuna mtu anayemwelewa. Mjomba akanitazama kwa jicho la kuniambia nisisimame. Nikasimama.

"Anasema nini?"

"Anasema alimkata," nilisema. "Anasema yule hakumfanyia kitu. Ugonjwa ni wake mwenyewe."

Jirani alifunga macho. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Pale niliposimama, watu wote wakinitazama, ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuongeza maneno yangu, kwamba mimi ndiye niliyefunga ngumi na ugonjwa pamoja kwa mara ya kwanza, na kwamba niliona panga likipita. Niliulizwa tu amesema nini. Nikajibu nilichoulizwa, nikakaa.

Hukumu haikufika. Hakimu alitaka ripoti ya daktari kwanza, akaahirisha, na katika majuma hayo ugonjwa ukarudi, si puani tena. Ulitokea kwenye mapaja na tumboni, manundu mekundu chini ya ngozi, ambayo baada ya siku chache yalipasuka na kuwa meusi. Homa ilipanda isishuke. Yule daktari kijana aliniambia askari wabovu wameenea, sasa wanakula hata damu yenyewe, na wala hakukunja mikono ya shati aliposema hivyo. Damu ilimtoka kwenye fizi, kwenye mkojo, kwenye kila tundu la sindano. Mama alikuwa amemshika miguu, mimi kichwa. Alipigana. Watu husema mtu amelala, ameondoka kwa amani. Kaka yangu alipigana na sisi, na shuka, na hewa, kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, kisha mikono ikaachia.

Mkewe alikuja mazishini kutoka Timau na mtoto. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka udongo ulipomalizwa kurudishwa, akageuka akaenda zake. Sikumlaumu. Kwa jirani hakuja mtu.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda kwake. Nilikwenda asubuhi, kwa njia ile ile aliyopita kaka. Nilimkuta mbele ya nyumba, anajifunza kufunga miraa kwa mkono wa kushoto na meno. Mkewe alikuwa ndio kwanza ameleta chai. Aliniona, akaendelea kuvuta kamba kwa meno. Niliwaamkia, nikaitikiwa na mwanamke peke yake. Hakuna aliyenikaribisha kiti, kwa hiyo nilisema nikiwa nimesimama.

Nilimwambia alivyosema daktari, kwamba ngumi haikuleta kitu. Akasema hayo alishayasikia mahakamani. Ndipo nikamwambia yangu. Nilimwambia neno lile lilitoka kinywani mwangu, jikoni, mwezi wa nne. Nilimwambia niliona panga likitoka nyumbani likiwa limenolewa, na nilikuwa na muda wa kupiga kelele, na sikupiga.

Aliitema kamba. Kikombe kilikuwa upande wa kushoto, na mkono huo alikuwa ameshauzoea. Chai ilinipata shavuni na shingoni, ya moto kabisa, ya maziwa, ile inayoganda kwenye ngozi. Kikombe chenyewe kilifuata kikanipasua juu ya jicho. Nilianguka. Alinijia akanipiga teke la ubavu, halafu lingine, analia kwa sauti, na kile kigutu kikipunga hewani kana kwamba bado kulikuwa na ngumi mwishoni. Sikujikinga. Aliacha mwenyewe, akaketi chini kwenye majani ya mgomba, akanigeuzia mgongo.

"Ondoka," alisema. "Usirudi hapa."

Mkewe aliniinua. Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji ya mvua, akanimwagia maji baridi usoni kata baada ya kata, mkono wake umenishika kisogo kwa nguvu kama anavyooshwa mtoto mkaidi. Alipomaliza alinikausha kwa leso yake.

"Mwalimu," alisema, "sisi tulijua ni wewe. Tangu zamani. Mama yako alikuwa anasema kila mahali, mwalimu amesema, mwalimu amesema."

"Mbona hamkunishtaki?"

"Tukushtaki kwa kusema?"

Alichukua kata yake akarudi kwa mumewe. Mimi nikapita nyuma ya choo chao nisionekane barabarani, nikaenda nyumbani. Mama aliuliza uso umefanya nini, nikamwambia nimeungua na chai. Akaenda kutafuta mafuta ya kunipaka, na hakuuliza ilikuwa chai ya nani.